Ulimuuliza Anataka Kwenda Wapi? Somo Fupi la Kuchagua Kifaa cha Kutembelea



Naona michango imeanza tena. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu kuna tangazo kwamba muhula huu tunachangia viti mwendo kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu, kila mtu atoe alichonacho bumu likiingia. Ni jambo jema na mimi nitachanga. Ila kabla hela haijatumwa, naomba kurasa chache nieleze kosa nililolifanya mwaka juzi nikiwa mwaka wa kwanza. Kosa lenyewe lilianza hivihivi, kwa moyo mzuri na tangazo kwenye grupu.

Baada ya kisa nitatoa somo. Sisi wa ualimu ndivyo tulivyo, hatuwezi kusimulia kitu bila kuweka maswali mwishoni.

Kiti kilichoishia stoo

Nina mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, anaishi Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Alijifunza kutembea kwa mti mmoja mrefu anaoushika kwa mikono miwili: anausimika mbele, anajivuta, anausimika tena. Mgeni akimtazama anachoka yeye. Mimi nilikuwa naona aibu, nisiwafiche. Kaka yuko chuo kikuu, mdogo wake anatembelea mti!

Basi nikaandika kwenye grupu. Darasa likachanga, hela ikapatikana, tukanunua kiti mwendo kipya kinachong'aa, cha kukunja, cha aina ile tunayoiona kwenye korido za hospitali. Likizo fupi ya Krismasi tukakipakia kwenye basi hadi Sumbawanga, wenzangu wawili wakanisindikiza. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, mama mdogo akalia, tukapiga picha. Mdogo wangu alikuwa amemaliza darasa la saba na Januari alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Kwenye picha anatabasamu. Mti wake hauonekani, maana tuliuondoa ili usiharibu picha.

Niliporudi Juni, katika ile baridi ya Ufipa inayomfanya mtu avae makoti mawili, kiti kilikuwa stoo. Kuku alikuwa ametaga kwenye kikalio. Ule mti wa zamani ulikuwa umeshatumika kujengea uzio wa banda, kwa sababu kila mtu aliona kazi yake imekwisha, na mdogo wangu alikuwa ameomba akatiwe mwingine. Muhula wa kwanza wa sekondari alikuwa amekosa shule siku nyingi kuliko alizohudhuria.

Nilikasirika. Nikasema maneno kuhusu watu wasio na shukrani, maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Kaka, kiti ni kizuri. Ila hivi, uliniuliza nataka kwenda wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Darasa zima lililochanga, hakuna aliyeuliza.

Kilichotokea ni hiki. Mvua za kwetu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Njia ya kutoka kwao mpaka shuleni ni ya udongo, na msimu wa kilimo mikokoteni ya ng'ombe inaichimba mifereji. Magurudumu madogo ya mbele ya kile kiti, membamba na magumu, yalikuwa yanazama humo. Kikalio kilikuwa cha mtu mzima. Yeye ni mdogo wa umbo, akawa anaegemea upande mmoja na mikono haifiki vizuri kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo hakuweza kujisukuma. Akawa anasukumwa na mdogo wake wa darasa la nne, ambaye naye alikuwa na shule yake ya kuwahi. Mdogo akichelewa, wamechelewa wote. Mdogo akiumwa malaria, dada haendi shule. Na ndani ya nyumba kiti hakikupita mlangoni, ikabidi binti wa miaka 14 abebwe kutoka chumbani mpaka nje.

Kabla ya zawadi yetu alikuwa anafika kila mahali polepole. Baada ya zawadi yetu akawa mtu wa kusubiri.

Somo la 1: Anza na siku ya mtu

Nilichukua daftari nikamwomba aniambie sehemu zote anazotaka kufika kwa wiki, na nikaahidi sitamkatiza. Cha kwanza kutaja kilikuwa choo. Choo cha shule kiko mbali na madarasa na kina ngazi mbili. Kumbe alikuwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani, ili asihitaji kwenda. Cha pili, kutoka darasa moja kwenda jingine wakati wenzake wanahama. Cha tatu, mazoezi ya kwaya Jumamosi. Cha nne, kwa rafiki yake wanakosukana nywele. Shule, ambayo ndiyo mimi niliyoinunulia kiti, ilikuwa ya tano.

Hapo ndipo nilipojifunza hatua ya kwanza. Kabla ya kuzungumza kiti au gongo, chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza: mahali anapotaka kufika. Ya pili: njia ilivyo, yaani umbali, tope, mchanga, mlima, ngazi, upana wa mlango. Ya tatu: atafanya nini akifika, kwa sababu anayekwenda kuchota maji anahitaji mkono mmoja uwe huru, na anayekwenda darasani anahitaji kufikia meza. Jedwali anajaza mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuandika.

Tunapenda kusema kifaa kinampa mtu uwezo wa kujitegemea. Neno hili tusilichukulie kwamba ni kufanya kila kitu peke yako. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi hivyo, sote tunapanda daladala inayoendeshwa na mtu mwingine. Kujitegemea ni kuamua mwenyewe uende wapi, lini, na nani akusaidie mpaka wapi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umeligusa jambo hili kwenye ibara ya 20. Unazitaka nchi zimwezeshe mtu kwenda kwa namna na kwa wakati anaouchagua yeye, kwa gharama anayoimudu. Angalia nani anachagua.

Somo la 2: Mwili unapimwa na anayejua

Kosa letu la pili lilikuwa kununua bila kupima. Hakuna anayenunua viatu vya mtu kwa kukisia, lakini kiti ambacho mtu atakikalia kutwa tulikikisia.

Safari hii tulianzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini mjini. Alimwangalia mdogo wangu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na maswali yake ningependa kila mchangaji ayajue. Anaweza kusimama akishikilia kitu, na kwa muda gani? Mikono na mabega yana nguvu kiasi gani? Akikaa bila kuegemea, mgongo unasimama? Anahisi akiguswa kwenye makalio na miguu? Hali yake inabadilika au imetulia? Bado anakua?

Swali la kuhisi ni zito kuliko linavyosikika. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, au aliyezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, anaweza asihisi kwamba ngozi inabanwa. Akikaa saa nyingi kwenye kikalio kigumu anapata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi, hata kumuua. Kwake mto maalumu wa kukalia ni sehemu ya kiti, na lazima afundishwe kujiinua au kuinama mara kwa mara ili damu ipite.

Mdogo wangu anahisi vizuri, mikono yake ina nguvu kwa ajili ya ule mti, na akishikilia anasimama. Mtaalamu akacheka kidogo: "Huyu anatembea. Nani alisema hatembei?"

Nilitazama chini.

Somo la 3: Kila kifaa na kazi yake

Hapa chukueni kalamu.

Fimbo au mkongojo humfaa anayetembea lakini anayumba au ana mguu mmoja dhaifu. Urefu wake: mtu asimame wima akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kinakunjika kidogo. Tena ishikwe mkono wa upande ulio kinyume na mguu dhaifu. Wengi tunakosea hapa, tunaiweka upande wa mguu mbovu.

Magongo (siyo ile gongo ya kunywa) ni kwa asiyeweza kuweka uzito wote kwenye miguu lakini ana mikono na mizani nzuri. Yale ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito uwe kwenye viganja. Anayening'inia kwa makwapa anabana mishipa ya fahamu na mikono inaweza kufa ganzi na kulegea. Yapo pia ya kiwiko, mafupi, yenye pete ya kushika mkono chini ya kiwiko. Ni mepesi na yanafaa kwa mtu atakayeyatumia miaka mingi.

Fremu ya miguu minne inatulia kuliko magongo, na wazee wengi inawafaa ndani ya nyumba na kwenye sakafu tambarare. Kwenye njia ya mawe au ngazi inakuwa kero.

Kiti mwendo ni kwa asiyeweza kutembea, au anayetembea kwa taabu kiasi kwamba akifika hana nguvu ya kufanya alichokifuata. Kikalio kiwe na upana wa nyonga zake, kisiwe na nafasi ya kukaa watu wawili. Kati ya ukingo wa mbele wa kikalio na nyuma ya goti vibaki vidole viwili au vitatu. Nyayo zikae sawasawa kwenye kikanyagio. Akiweka mkono juu ya gurudumu la nyuma, kiwiko kikunjike karibu pembe mraba. Kiti kikiwa kipana, mabega yanaumia. Kikiwa kirefu, anateleza mbele na mgongo unapinda.

Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono ni ya masafa. Anayeitumia anahitaji mikono yenye nguvu na awe anaweza kukaa bila kuanguka. Haipiti mlangoni, haifiki chooni. Kwa hiyo haiwezi kuwa kifaa pekee.

Fimbo nyeupe ni ya asiyeona, na kazi yake ni kumpa habari ya njia iliyo mbele. Bila mafunzo ya kuitumia ni fimbo tu.

Mguu bandia unatengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja na mtaalamu wa viungo bandia. Hapa nchini wataalamu hao wanafundishwa TATCOT, chuo kilichopo KCMC mjini Moshi tangu mwaka 1981, kinachopokea wanafunzi pia kutoka nchi nyingine. Mtoto aliyepewa mguu bandia lazima arudi mara kwa mara, kwa sababu yeye anakua na mguu ule haukui.

Mkizisoma vizuri aya hizi mtaona kwamba mtu mmoja anaweza kuhitaji vifaa viwili. Mdogo wangu alipata magongo ya kiwiko kwa ajili ya nyumbani, darasani na chooni, na baiskeli ya mikono kwa njia ya shule na kwaya. Magongo anayabeba nyuma ya baiskeli, amefungiwa mahali pa kuyachomeka. Wazo la kuyachomeka lilikuwa lake.

Somo la 4: Njia nayo ipimwe

Nilitembea njia ya kwenda shule nikiwa na futi kamba. Nikapima mlango wa nyumba, mlango wa darasa, kizingiti, ngazi za choo. Ilinichukua asubuhi moja. Ningeifanya kazi hiyo kabla ya kununua kiti, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kwa ardhi kama ya Ufipa, yenye vilima na udongo unaoteleza, mambo ya kuangalia kwenye kiti ni haya. Magurudumu ya mbele yawe makubwa na mapana ili yasizame. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma uwe mrefu, kwa sababu kiti kifupi kinapinduka mbele kikikanyaga shimo. Matairi ya upepo hupunguza mtikisiko, mradi mtu aweze kupata pampu na wa kuziba pancha. Ndiyo maana kuna viti vyenye gurudumu moja tu la mbele, lililosogezwa mbele sana: kwenye mabonde magurudumu matatu yote hugusa ardhi, wakati ya viti vya magurudumu manne moja linaweza kubaki hewani.

Na kabla ya kubadilisha mtu, angalia kama unaweza kubadilisha mahali. Kule shuleni mwalimu mkuu alikubali kidato chao kihamishiwe chumba kilicho karibu na choo. Wazazi walileta mawe na saruji, ngazi mbili zikawa mteremko wenye mshikio wa bomba. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kiti tulichonunua, na wanaoutumia ni pamoja na mwalimu mjamzito na kijana aliyevunjika mguu mpirani.

Somo la 5: Kufundishwa, na fundi wa karibu

Baiskeli ile ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea mjini, akitumia bomba na vipuri vya baiskeli ya kawaida. Ufipa ni nchi ya wahunzi tangu zamani. Mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, bado yapo. Sikuona sababu ya kwenda mbali.

Toleo la kwanza lilikuwa na breki dhaifu. Kwenye mteremko mdogo wangu alipiga kelele zilizosikika mpaka kwa jirani. Fundi akaongeza breki ya pili na kushusha kikalio. Hapo nikaelewa kwa nini wataalamu wanasisitiza mtumiaji ajaribu, arudishe, ajaribu tena. Alihitaji pia wiki kadhaa za kujifunza kupanda, kushuka, kukata kona, na kuinuka kwenye baiskeli hadi kwenye magongo bila kushikwa.

Kuhusu matengenezo, kanuni ni moja: kifaa kiharibike mahali ambapo kinaweza kutengenezwa. Uliza kabla ya kununua kama tairi, tyubu, spoku na beringi zake zinapatikana kwenye duka la baiskeli la karibu. Magongo nayo yana mpira wa chini unaolika. Ukiisha, kwenye sakafu yenye maji mtu anateleza na kuvunjika. Fundi viatu anaweza kukata mwingine kwenye tairi kuukuu wakati mpira wenyewe unatafutwa.

Wakubwa nao walirudishwa mezani

Tusijione wajinga peke yetu. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza viti mwendo vinavyotumika huku. Aliona tatizo hilihili: kiti cha kawaida hakifiki mbali kwenye njia mbovu, na baiskeli ya mikono haiingii ndani. Yeye na wenzake wakabuni kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma nyenzo mbili, kinachoitwa Leveraged Freedom Chair. Walipokileta kwa watumiaji wa Afrika Mashariki wakaambiwa kwamba nje kinakwenda vizuri, lakini ni kizito na ndani ya nyumba ni kipana mno. Wakarudi kukipunguza. Wahandisi walijua hesabu za nyenzo. Upana wa milango ya watu waliujua wenye milango.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwenye nchi zenye uwezo mdogo. Huduma imegawanywa hatua nane: rufaa na miadi, tathmini, kuchagua kifaa, fedha na kuagiza, kuandaa kifaa, kumkalisha mtu na kurekebisha, mafunzo, ufuatiliaji na matengenezo. Darasa letu lilifanya hatua moja kati ya nane, ya fedha na kuagiza, halafu tukapiga picha.

Haki na hela

Kuna wanaosema, "Bora kitu kuliko kukosa kabisa." Ninaelewa kwa nini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, iwe miwani, kifaa cha kusikia au kiti, na karibu bilioni moja hawakipati. Uhaba ni mkubwa kweli. Lakini kwa mdogo wangu "kitu" kilimwondolea mti wake na muhula wa shule. Kifaa kisichofaa si sifuri, kinaweza kuwa hasi.

Sheria tunayo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Fursa pia zipo. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Sasa mtu asiyeweza kufika gengeni kwake atafanyia nini mkopo? Kifaa sahihi ndicho kinachofungua hizo haki nyingine. Kwa hiyo tunapochanga, tunagusa jambo zito, tulifanye kwa uzito wake.

Nasi tunaokwenda kufundisha tuwe macho. Kwenye mazoezi ya kufundisha utakutana na mtoto asiyetoka darasani wakati wa mapumziko. Usiandike "mvivu" wala "mpole". Muulize kama choo anakifikia. Mwanafunzi asiyekunywa maji kutwa hawezi kukusikiliza saa nane mchana, hata uwe na zana nzuri namna gani.

Ninachopendekeza kwa serikali ya wanafunzi

Kwanza, hela ya mchango isinunue chochote mpaka kila mlengwa awe amejaza jedwali lake na kupimwa na mtaalamu. Pili, tusitangaze "viti mwendo" kwenye bango, tuandike "vifaa vya kutembelea", maana huenda wengine wanahitaji magongo, wengine mteremko wa choo. Tatu, sehemu ya hela ibaki kwa ajili ya mafunzo na matengenezo ya mwaka mzima. Nne, picha zipigwe mwishoni, na mwenyewe akikubali. Na kwenye kamati akae mwanachuo mwenzetu anayetumia kifaa. Wapo hapa chuoni, tunapishana nao ngazini kila siku tukiwa na haraka.

Mtauliza kile kiti kiko wapi. Hakikuwa kiti kibaya. Kiko kwa bibi mmoja mjini, nyumba ya sakafu ya saruji na milango mipana, na kinamtosha. Alikikalia kwanza, akapimwa, ndipo akapewa.

Mdogo wangu ameisoma makala hii kabla sijaituma. Amenikosoa mahali pawili na nimerekebisha. Ameomba niongeze kwamba ule mti wa kwanza ulikuwa mzuri pia, na kwamba Jumamosi siku hizi anafika kwaya kabla ya mwalimu wa kwaya.

Maswali ya kujadili

1. Jaza jedwali la safu tatu kwa siku yako ya jana hapa chuoni. Ni sehemu ngapi usingefika kama ungekuwa na magongo? Na kama ungekuwa na kiti mwendo?

2. Babu amepooza upande wa kushoto lakini anatembea akishikiliwa. Watoto wake wa mjini wanataka kumtumia kiti mwendo. Ungewashauri waulize nini kwanza, na wamuulize nani?

3. Chukua futi kamba, pima mlango wa ukumbi wetu wa mihadhara, mlango wa maktaba na mlango wa choo cha bweni lako. Lete vipimo kwenye mkutano wa michango. Mimi nitaleta vya kwangu.